Folda za nyumbani kwenye seva ya kuingilia: H: haitokei Windows, na Ubuntu haimpeleki mtumiaji kwake

Maalim wa Maabara, Wete:

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Nasimamia maabara ya kompyuta katika skuli moja ya sekondari hapa Wete. Tuna kompyuta 24 za Windows na 8 za Ubuntu, na seva moja ya Debian ambayo nimeiwekea Samba (programu inayoiwezesha Linux kuhudumia kompyuta za Windows) iwe mdhibiti wa kikoa, yaani mtunza akaunti za wote, ili kila mwanafunzi awe na jina moja na neno moja la siri popote atakapokaa. Kuingia kunakwenda vizuri katika kompyuta zote. Kinachonishinda ni folda ya nyumbani. Nataka kazi ya mwanafunzi ikae kwenye seva, aikute leo akiwa kompyuta ya dirishani na kesho akiwa ya mlangoni. Kwa sasa kila kompyuta imebeba vipande vya kazi za watoto mbalimbali, na mtoto akikuta kiti chake kimekaliwa basi kipindi kizima kinampita.

Upande wa Windows nimetumia ile sehemu ya homes inayokuja na Debian ndani ya smb.conf (faili la mipangilio ya Samba), sikuiandikia njia yoyote, na kila akaunti nimeijazia herufi H: pamoja na anwani ya folda. Kwa akaunti mpya H: haitokei kabisa. Kumbukumbu za seva zinaonesha kwamba inatafuta folda ndani ya /home/SKULI, kwa hiyo wanafunzi wachache nimewaundia folda zao humo kwa mkono na kuwapa umiliki. Kwa hao H: hutokea na faili hufunguka, lakini hawawezi kuhifadhi chochote.

Upande wa Ubuntu nimeunganisha kila kompyuta na kikoa kwa winbind (sehemu ya Samba inayoitambulishia Linux watumiaji wa kikoa), idmap (ugawaji wa namba za watumiaji) ni ya rid kuanzia 10000, na /home ya seva inapachikwa kwa NFS (njia ya Linux ya kutumia folda za seva kupitia mtandao). Nimewasha pam_mkhomedir ili folda iundwe mwanafunzi anapoingia kwa mara ya kwanza, lakini haiundwi, na mwanafunzi anaachwa kwenye mzizi wa diski. Hata wale niliowaundia folda kwa mkono huambiwa hawana ruhusa. Jambo lililonishangaza zaidi ni hili: amri ya `ls -ln` kwenye seva inaonesha mmiliki wa folda ni 3000017, ilhali amri ya `id` kwenye Ubuntu inasema mwanafunzi huyo huyo ni 11106.

Wanafunzi wetu ni takriban 600. Fundi tunayemtegemea yuko Unguja, na kila anapohitajika ni nauli ya boti na malazi, kwa hiyo naomba maelezo nitakayoyafahamu na kuyasimamia mwenyewe, si amri za kunakili tu. Ahsanteni.

Mtunza Seva, Mjini Unguja:

Wa alaykum salaam Maalim. Hizo namba mbili ulizozitaja mwishoni ndizo zenye jibu la zaidi ya nusu ya matatizo yako, kwa hiyo naanza nazo.

Linux haimtambui mwenye faili kwa jina lake. Inamtambua kwa namba, kama ofisi zetu zinavyomtambua mtu kwa namba ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kwa sababu majina yanafanana. Jina unaloliona kwenye orodha ya faili ni tafsiri tu ya ile namba, na kila kompyuta inaifanya tafsiri hiyo kivyake. NFS katika hali yake ya kawaida hupima ruhusa kwa namba iliyoletwa na kompyuta ya mtumiaji. Folda ni ya 3000017, anayegonga mlango ni 11106, basi anakataliwa, na seva iko sahihi kumkataa.

Namba hizo zimetofautiana kwa sababu zimetoka vyanzo viwili. Samba inapokuwa mdhibiti wa kikoa hugawa namba zake yenyewe kuanzia 3000000, huzihifadhi katika faili la idmap.ldb, na mistari ya idmap config unayoiandika kwenye smb.conf ya mdhibiti haizingatiwi. Kompyuta zako za Ubuntu zinatumia rid, ambayo huchukua tarakimu za mwisho za kitambulisho cha akaunti ndani ya kikoa na kuzijumlisha na mwanzo wa masafa uliyoyaweka. Mwanafunzi wako ana 1106, ongeza 10000, unapata 11106. Uzuri wa rid ni kwamba kila kompyuta yenye masafa hayo hayo itapata jibu hilo hilo bila kuulizana na nyingine.

Ziko njia mbili za kutoka. Ya kwanza ni kumwandikia kila mtumiaji uidNumber (namba yake ya Linux) ndani ya kikoa chenyewe, ili mdhibiti na kompyuta zote zisome namba hiyo. Ya pili ni kuondoa faili kwenye mdhibiti wa kikoa na kuziweka kwenye seva ya pili, ambayo ni mwanachama wa kawaida wa kikoa na inatumia rid sawa na kompyuta zako za Ubuntu. Mimi nakushauri uchukue ya pili, na si kwa ajili ya namba peke yake. Watengenezaji wa Samba wenyewe hawapendekezi mdhibiti wa kikoa atumike pia kama seva ya faili, na ukitenganisha utaweza kusasisha kimoja bila kukigusa kingine. Huhitaji kununua mashine. Seva uliyonayo, ikiwa na kumbukumbu ya GB 8 au zaidi, inaweza kubeba mashine pepe mbili kwa KVM (programu ya Linux ya kuendesha mashine ndani ya mashine), moja ya mdhibiti na moja ya faili. Katika maelezo yangu hiyo ya faili nitaiita `faili`.

Kwenye seva ya faili, sehemu ya global ya smb.conf iwe na mistari hii, na mistari ya idmap na template ifanane kabisa na ya kompyuta zote za Ubuntu:

security = ADS
workgroup = SKULI
idmap config * : backend = tdb
idmap config * : range = 3000-7999
idmap config SKULI : backend = rid
idmap config SKULI : range = 10000-999999
winbind use default domain = yes
template homedir = /home/%U
template shell = /bin/bash

Mstari wa template homedir usiuache bila kuuandika. Usipouandika, Samba huchukua /home/%D/%U, yaani jina la kikoa kisha jina la mtumiaji, na hapo ndipo ilipotoka ile /home/SKULI. Sehemu ya homes isiyo na njia huuliza nyumba ya mtumiaji iko wapi, hujibiwa /home/SKULI/fulani, haioni folda hiyo, na H: haitokei. Ulipoziunda kwa mkono, ikazipata. Kushindwa kuhifadhi kuna sababu nyingine: smb.conf inayokuja na Debian huitoa sehemu ya homes ikiwa ya kusoma tu, kwa mstari wa `read only = yes`. Wengi hukesha wakichunguza ruhusa za folda ilhali mlango umefungwa huku.

Kwa hali yako nakushauri uache sehemu ya homes kabisa, uweke sehemu ya kawaida yenye jina lako mwenyewe:

[watumiaji]
path = /srv/watumiaji
read only = no
browseable = no
hide unreadable = yes
create mask = 0600
directory mask = 0700

Folda mama, /srv/watumiaji, iwe ya root (msimamizi mkuu wa Linux) na kundi la `domain users`, kwa ruhusa 0751. Ile 1 ya mwisho usiidharau. NFS inapopachika folda ya mwanafunzi mmoja mmoja, root wa kompyuta ya maabara hufika kwenye seva akiwa mtu asiye na haki yoyote, naye lazima aweze kupita kwenye folda mama ingawa hawezi kuorodhesha yaliyomo. Ukiweka 0750, Windows itakwenda na Ubuntu itakataa, na utatafuta sababu mahali isipokuwepo.

Kuhusu pam_mkhomedir, kinachoizuia ni jambo hilo hilo. NFS kwa kawaida humshusha cheo root wa mbali, na pam_mkhomedir hufanya kazi kama root wa kompyuta ya maabara. Kwa hiyo anaomba kuunda folda kwenye seva na hana haki hiyo. Zipo kurasa nyingi zitakazokwambia uongeze no_root_squash (kumwachia root wa mbali cheo chake) ili mambo yaende. Tafadhali usifanye hivyo. Izime pam_mkhomedir, na folda iundwe kwenye seva ya faili wakati ule ule akaunti inapoundwa. Kwenye mdhibiti unaunda akaunti hivi:

samba-tool user create s24017 --home-drive=H: --home-directory='\\faili\watumiaji\s24017'

Kisha kwenye seva ya faili:

install -d -m 0700 -o s24017 -g "domain users" /srv/watumiaji/s24017

Amri hiyo ya pili inaunda folda, inaipa ruhusa na inamkabidhi mwenyewe kwa pamoja. Ukiwa na orodha ya wanafunzi katika faili la maandishi, jina moja kila mstari, kitanzi kifupi cha skripti kitawamaliza wote 600.

Kwenye Ubuntu tumia autofs badala ya kupachika /home nzima, ili folda ya mwanafunzi ipachikwe anapoingia tu. Katika /etc/auto.master andika `/home /etc/auto.home`, na katika /etc/auto.home uwe na mstari mmoja:

* -fstype=nfs4,rw,hard faili:/srv/watumiaji/&

Nyota ni jina lolote litakaloulizwa, na alama ya mwisho hurudisha jina hilo hilo upande wa seva. Katika /etc/exports ya seva ya faili, toa /srv/watumiaji kwa anwani za maabara tu, kwa rw, sync na no_subtree_check.

Kabla ya kumwita mwanafunzi hata mmoja, andika `id s24017` kwenye seva ya faili na kwenye kila Ubuntu. Namba ikitofautiana hata kwenye kompyuta moja, simama hapo urekebishe, kwa sababu faili zitakazoandikwa kwa namba isiyo sahihi zitakusumbua baadaye. Zile folda za zamani za 3000017 na wenzake, zihamishie kwenye seva mpya kisha uzibadilishe umiliki kwa `chown -R` na jina la kila mwenyewe.

Dada wa Mtandao, Chake Chake:

Naunga mkono aliyoyasema ndugu wa Mjini. Nina mambo ya kuongeza kwa upande wa Ubuntu, na moja ni la usalama ambalo Maalim anapaswa kulijua kabla ya kuamua.

Root_squash, huko kumshusha cheo root wa mbali, haimlindi mwanafunzi dhidi ya mtu aliyejipatia haki za root kwenye kompyuta ya maabara. Inamzuia asifike kwenye seva akiwa root, lakini haimzuii kujigeuza kuwa 11106 kwenye kompyuta hiyo, na NFS ya kawaida inaamini namba inayoletwa. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne mwenye flashi ya Ubuntu anaweza kuwasha kompyuta kwa flashi hiyo, akajipa anwani ya maabara na namba ya mwenzake, na akasoma folda yake. Kwa mazoezi ya kawaida pengine mtasema hakuna ubaya. Kwa kazi za mradi zinazohesabiwa alama, na kwa folda za walimu zenye mitihani ndani yake, ubaya upo mkubwa.

Angalau fungeni BIOS kwa neno la siri na mzime kuwasha kwa flashi. Dawa kamili ni NFS yenye Kerberos (mfumo wa kuthibitisha watumiaji kwa tiketi), na Maalim tayari anayo Kerberos kwa sababu imo ndani ya mdhibiti wake wa kikoa. Seva ya faili inapewa ufunguo wa huduma ya nfs, kila Ubuntu inatumia ufunguo wa akaunti yake ndani ya kikoa, na katika /etc/exports na auto.home unaongeza `sec=krb5p`. Hapo seva haimwamini tena mtu kwa namba aliyoitaja, inataka tiketi aliyoipata kwa neno lake la siri. Winbind itamchukulia mwanafunzi tiketi anapoingia, ikiwa krb5_auth imewashwa katika pam_winbind.conf. Tiketi hudumu saa 10 kwa kawaida, muda unaozidi siku nzima ya skuli.

Kerberos ina sharti moja ambalo katika mazingira yetu si dogo: saa ya kompyuta isipishane na ya mdhibiti kwa zaidi ya dakika 5. Kompyuta kongwe ambazo betri ya ubao mama imekufa hurudi miaka nyuma kila umeme unapokatika. Windows iliyo ndani ya kikoa huchukua saa kwa mdhibiti yenyewe, lakini Ubuntu huitafuta kwenye intaneti, na intaneti ikiwa haipo asubuhi hiyo, basi wanafunzi wanane hawaingii. Elekezeni chrony (programu ya kusawazisha saa) ya kila Ubuntu kwa mdhibiti wenu, na hizo betri zibadilishwe. Ni kitu cha bei ndogo kinachoondoa malalamiko mengi.

Jambo jingine ni la autofs. Ikishika /home, chochote kilichokuwa ndani ya /home ya kompyuta hiyo kinafichika, pamoja na nyumba ya akaunti ya msimamizi iliyoundwa wakati wa kufunga Ubuntu. Siku mtandao ukiharibika mtashindwa kuingia kurekebisha. Ihamisheni kwanza kwa `usermod -d /var/msimamizi -m msimamizi`, mkiwa mmeingia kama root na si kwa akaunti hiyo.

Msishawishike kukwepa hilo kwa kuziweka nyumba za wanafunzi mahali pengine kama /nyumba. Katika Ubuntu 22.04 na za baadaye, Firefox huja kama kifurushi cha snap, na snap hutarajia nyumba ya mtumiaji iwe ndani ya /home moja kwa moja. Zikiwa kwingine Firefox haifunguki mpaka mwongeze mpangilio mwingine wa snap kwenye kila kompyuta. Baki na /home.

Maalim wa Maabara, Wete:

Ahsante sana ndugu wa Mjini, na ahsante dada. Nimetenganisha seva kama nilivyoelekezwa, na sasa `id` inatoa namba moja kila mahali. H: inatokea kwenye Windows, na faili aliloandika mwanafunzi huko analikuta kwenye Ubuntu na kuliendeleza. Kerberos nitaiweka baada ya kushughulikia betri, lakini kuwasha kwa flashi nimekwisha kukuzima.

Nina maswali mawili. Mwalimu mwenzangu wa skuli nyingine ananishauri nijaze pia sehemu ya njia ya profaili kwenye kila akaunti, ili hata picha ya mezani na mipangilio ya programu imfuate mwanafunzi. Je, inafaa? La pili ni umeme. Unakatika bila taarifa, na nakhofia zaidi sasa kwa kuwa kazi zote ziko mahali pamoja.

Mkaazi wa Mkoani:

Maalim, kwa skuli yenye kompyuta za kuchangia, profaili inayohama usiiweke. H: hufungua faili pale tu linapohitajika. Profaili inayohama hunakiliwa nzima kutoka kwenye seva mwanafunzi anapoingia, na mabadiliko yote hurudishwa anapotoka. Chukua hesabu hii: watoto 24 wanaoingia kwa pamoja kipindi kinapoanza, kila mmoja ana profaili ya MB 250, hiyo ni GB 6. Ikiwa seva imeunganishwa kwa njia ya megabiti 100 kwa sekunde, inayopitisha takriban MB 12 kila sekunde, utasubiri zaidi ya dakika 8 kabla ya somo kuanza. Kwenye njia ya gigabiti ni takriban dakika moja kama diski inaweza kuihimili, na ni nadra diski moja ya kuzunguka iweze inapovutwa na watu 24. Tena kengele ikilia na mtoto akazima kompyuta kabla ya kunakili kwisha, profaili huharibika, na anayekuja kulaumiwa ni wewe.

Kinachohitajika hasa ni nyaraka na eneo la mezani zikae kwenye H: bila mwanafunzi kukumbuka. Hilo hufanywa na sera ya kikoa ya kuelekeza folda. Samba ina uwezo wa kubeba sera hizo, nawe unazihariri ukiwa kwenye Windows moja yenye zana za usimamizi. Elekeza Documents na Desktop kwenye `\\faili\watumiaji\%username%`, lakini AppData usiielekeze kabisa. Humo programu huandika vitu vidogo vidogo maelfu, na kila kimoja kitakuwa safari ya mtandao.

Kabla ya jambo la umeme, weka kikomo cha nafasi mapema, maana mtoto mmoja mwenye filamu kwenye H: anaweza kuwajazia diski wenzake wote. Wanafunzi 600 kwa MB 500 kila mmoja ni GB 300, kiasi ambacho diski yoyote ya kisasa inakibeba. Ikiwa /srv/watumiaji iko kwenye XFS (aina ya mfumo wa faili) iliyopachikwa kwa uquota (vikomo vya kila mtumiaji), amri moja inatosha:

xfs_quota -x -c 'limit -u -d bsoft=450m bhard=500m' /srv/watumiaji

Hiyo `-d` inaweka kikomo kwa kila mtumiaji ambaye hukumwekea chake, kwa hiyo walimu unawapandishia mmoja mmoja baadaye. Kwa kuwa kikomo hushikwa kwa namba ya mmiliki, kinafanya kazi sawasawa mtoto akija kwa Windows au kwa Ubuntu, na hili ni faida nyingine ya kuwa na namba moja.

Sasa umeme. Visiwa hivi vinalishwa kwa nyaya za baharini kutoka Bara, Pemba ikiwa imeunganishwa na Tanga tangu 2010, na sote tunakumbuka Unguja ilivyokaa takriban miezi mitatu bila umeme huo kuanzia Disemba 2009. Hakuna UPS ya kukuvusha hali kama ile, na huhitaji ikuvushe. Unahitaji dakika chache tu za seva kuandika kilichobaki na kujizima kwa utaratibu. Nunua UPS yenye kebo ya USB, weka programu ya NUT, na uipange izime mashine pepe zote mbili na kisha mashine yenyewe betri inapofikia kiwango ulichochagua. Swichi nayo iwe kwenye UPS hiyo hiyo. Kompyuta za maabara hazina haja.

Katika usanidi wako tayari kuna maneno mawili ya kukulinda, nakuomba mtu asikushawishi kuyabadilisha. La kwanza ni sync kwenye /etc/exports. Mtu atakwambia async ina kasi zaidi, na ni kweli, kwa sababu seva hujibu kwamba imeandika kabla haijaandika. Umeme ukikatika hapo katikati, kazi ya mwanafunzi imepotea na kompyuta yake inaamini imehifadhiwa. La pili ni hard kwenye auto.home. Seva ikipotea, Ubuntu itasubiri hadi irudi kisha iendelee ilipoishia. Ukiweka soft, programu itaambiwa imeshindwa baada ya muda, na faili linaweza kubaki limeandikwa nusu.

Na nakala rudufu, Maalim. Kila usiku, kwenye diski ya nje isiyokaa ndani ya seva hiyo, na ikiwezekana diski mbili za kupokezana, moja ikalala ofisi ya mwalimu mkuu. Umeyakusanya majasho ya watoto 600 mahali pamoja, na diski hufa hata pasipo umeme kukatika. Pamoja na folda, ihifadhi na data ya mdhibiti wa kikoa kwa `samba-tool domain backup online`. Ukilazimika kukijenga kikoa upya bila nakala hiyo, akaunti zitapewa tarakimu nyingine, namba za rid zitabadilika, na faili zote zitakuwa za watu wasiokuwepo.

Maalim wa Maabara, Wete:

Nimefahamu vizuri, na la profaili nimeliacha. Nimalizie na hili: mwisho wa mwaka Kidato cha Nne wanaondoka na wengine wanaingia. Akaunti za wanaoondoka nizifute na folda zao nizifanyeje?

Mtunza Seva, Mjini Unguja:

Akaunti usiifute siku hiyo hiyo. Izime kwanza kwa `samba-tool user disable`, maana kila mwaka wapo wanaorudi baada ya matokeo kuomba kazi zao za mradi. Folda ihamishe kutoka /srv/watumiaji kwenda, mathalan, /srv/hifadhi/2025, iliyo nje ya sehemu inayotolewa kwa Samba na NFS. Ifungashe kwa tar, na muamue na uongozi wa skuli itakaa muda gani.

Kuhamisha ni lazima hata kama nafasi haijakubana. Kikoa hakirudii kumpa mtu mpya tarakimu alizokuwa nazo aliyefutwa, kwa hiyo namba ya zamani haitamwangukia mtoto mwingine, na hilo ni jema. Jina, hata hivyo, linaweza kurudi. Ukiwa umetumia majina ya watu, kwetu ambako kila darasa lina Khamis na Fatma kadhaa, haitapita miaka miwili kabla hujaunda akaunti yenye jina lililowahi kuwepo. Folda ya zamani ikiwa bado ipo chini ya jina hilo, mmiliki wake ni ile namba ya zamani, na amri ya install itambadilishia mmiliki na ruhusa za folda ya juu tu. Mtoto mpya ataiona orodha ya mafaili ya mwenzake aliyeondoka, na hataweza hata kuyasoma.

Ndiyo sababu katika mifano yangu nilitumia s24017 na si jina la mtu. Namba ya usajili ya skuli haijirudii, haibadiliki mtoto akirekebishiwa jina kwenye cheti, na mwalimu anayo kwenye daftari la mahudhurio. Kama akaunti zako za sasa ni za majina, wanaomaliza waache walivyo, na wanaoingia Januari waanze kwa namba.

Ukimaliza kuwahamisha wote, pitisha amri hii kwenye seva ya faili:

find /srv/watumiaji -nouser

Itakuorodheshea kila kitu ambacho mmiliki wake hayupo tena ndani ya kikoa. Ipitishe winbind ikiwa inafanya kazi na mdhibiti amewashwa, la sivyo kila faili litaonekana halina mwenyewe. Ikirudi kimya, folda zote zina wenyewe na unaweza kuanza kuwaandikisha wapya.